Waraka Unaofunguka

Kwenye droo ya tatu, chini ya meza ya kuchomelea,
nina nyaya mia na kumi na saba.
Nilizihesabu jana, umeme ulipokatika Langoni
nikawa sina kazi ila kuhesabu:
zenye pini nyembamba, zenye mdomo bapa,
zenye sumaku, zenye meno thelathini kama papa,
kila kampuni na tundu lake,
kila tundu na waya wake,
na kila waya, ikipita miaka mitatu, yatima.
Watu huniita Lali fundi simu.
Mimi najiona karani wa makaburi.

Acha niseme, leo nimeudhika.
Simu isiyokubali bisibisi hukuinunua,
umepangishwa.
Waliobandika betri kwa gundi walijua walitendalo.
Na wewe unayenitolea ile mpya, nyembamba kama chapati ya maji,
ukasema, "Lali, hebu ishike tu,"
nimeishika. Nzuri. Ina tundu gani?

Sokoni mwetu pishi ilikuwa pishi,
ukipima kwa chombo changu au cha jirani.
Hakuna muuza mchele aliyethubutu kusema
mchele wangu huiva kwa sufuria yangu pekee.
Angefukuzwa, yeye na punda wake.

Mwezi wa Rajabu alikuja Bi Mwanakheri wa Mtamwini,
kompyuta kaifunika kwa leso kama mtoto mgonjwa.
"Ndoo utizame, mwanangu. Kofia za Shekuwe zimo humu."
Marehemu mumewe alichora kofia,
si hizi za mashine, zile za vitobo,
na mkono ulipoanza kutetemeka
akawa anachorea kwenye programu aliyouziwa na mpita njia.
Nikaiwasha. Ikaomba leseni.
Leseni ikaitafuta seva.
Seva ilizimwa zamani, na kampuni yake ikafungwa,
hata wa kumpigia simu umtukane hayupo.
Faili mia mbili na arubaini mbele ya macho yangu,
majina kayapa mwenyewe:
Mwezi-kombo, Jicho la Kungu, Harusi ya Saumu.
Haikufunguka hata moja.
Usiku kucha nilizipasua; ndani, herufi zilizokorogwa makusudi.

Asubuhi nikamwambia ukweli. Hakulia.
Alitoa barua ya nyanya yake,
hati za Kiarabu, Kiswahili chetu, pembe zimeliwa na mchwa,
akaisoma pale pale, bila miwani:
deni la mafuta ya ufuta, kaniki mbili,
na salamu kwa mtu aliyekufa kabla ya reli.
Kisha akaniwekea kofia moja mezani.
"Na hini? Hini nayo yataka neno la siri?"

Nikanyamaza.
Kofia ni faili iliyo wazi.
Mwenye macho na subira ataihesabu:
kitobo, moja; kitambaa kitupu, sifuri;
mstari kwa mstari, hadi utepe ukutane na mwanzo wake.
Tukahesabu, yeye kwa ncha ya sindano, mimi kwa kibodi,
akinigombeza kila niliporuka.
Siku nne, kofia moja. Alikuwa nazo kumi na sita.
Mia mbili na ishirini na nne zimebaki mle ndani,
sitazipata,
na hilo simsamehi mtu.

Nilizihifadhi kwa maandishi matupu, hayana rangi wala pambo,
na juu nikaandika namna ya kuyasoma.
"Mjukuu wangu ataufungua huu waraka wako?"
"Akijua kusoma, Bi."
Akatikisa kichwa, akakunja leso yake.
"Na chaja ya simu yangu je?"
Nikavuta droo ya tatu,
nikachimba hadi chini.
Wake haukuwamo.