Kisicholiwa

Nilianza na trei tatu za mayai,
udongo wa chini ya mgomba, na mbegu za zinia
nilizozihifadhi ndani ya bahasha ya mchango wa harusi.
Ndoo mbili. Kisu cha kumenyea ndizi.
Eneo lenyewe: hatua kumi na nne kwa tisa,
kati ya banda la kuku na choo cha zamani,
hapa Rau, pale mama mkwe wangu, Anasia,
alipokuwa na migomba yake mitatu ya mchare
iliyozeeka ikaegemea ukuta.
Niliing'oa siku aliyokwenda kliniki ya macho.

Hakupiga kelele.
Alilizunguka shimo mara moja na mkongojo wake,
akauliza: "Hayo yatakayoota, yanachemshwa au yanachomwa?"
Maua, mama. Ya kukata. Ya kuuza.
"Kisicholiwa hakipandwi,"
akasema, akaingia ndani.
Miezi minne chai yangu akaiacha mezani
ipoe bila jina.

Miezi minne nikajifunza.
Kwamba zinia ukiionea huruma hutoa ua moja, ikachoka;
ikate kichwa ingali changa, ndipo itagawanya matawi.
Kwamba vidukari wanaipenda dalia kuliko mimi.
Sabuni ya kipande, maji, jivu. Jioni, si mchana.
Kwamba ua hukatwa kabla jua halijalijua,
shina mshazari, majani ya chini yote yatoke,
na ndoo isuguliwe kama ya maziwa.
Masika yakalaza asta zote kifudifudi.
Nikasimamisha kumi na moja kwa vijiti.
Kumi na moja nikauza.

Daftari linasema:
fungu la kwanza, elfu mbili, mwalimu Elirehema,
alikuwa anakwenda kumtazama mgonjwa.
La pili, deni.
La pili bado ni deni.
La tatu msiba. La nne msiba. La tano.
Nikaogopa: kumbe shamba langu linakula vilio?
Halafu Mkunde, mwenye duka karibu na mnara wa saa,
akaagiza ndoo sita za harusi ya Jumamosi.
"Na majani, dada. Ua bila majani ni bibi harusi na kandambili."

Majani sikuwa nayo.
Alfajiri ya Ijumaa, umande mpaka magotini,
nikaenda mpakani, kwenye ua wa masale
(ua huu, si ua lile; lugha yetu haioni tabu),
nikakata sale moja, nipime urefu wake na dalia.
Nikageuka.
Mama Anasia yuko mlangoni na khanga ya kulalia,
anautazama mkono wangu.

Huku kwetu mtu haonyeshwi sale bure.
Ndugu waliopigania kihamba hadi kwa balozi,
mmoja akimletea mwenzake sale, basi,
hana pa kukimbilia: atasamehe.
Nikafungua kinywa niseme ni pambo tu,
ni la harusi ya watu nisiowajua.
Yeye akanyoosha mikono yote miwili,
polepole,
akalipokea.
"Ile migomba," akasema, "aliipanda mzee
mwaka aliozaliwa mume wako.
Ungeuliza tu."

Kinywa nikakifunga.
Sale lilijua kuliko mimi nilichokwenda kukata.

Masale mengine akanikatalia.
Akanipeleka kwenye mfongo, akanionyesha majimbi
ambayo miaka tisa nimeyaruka nikienda kuchota maji.
Tukakaa uani hadi ndoo ya sita,
yeye juu ya kigoda, kisu cha ndizi mkononi,
akilalamika kuwa zinia zinamkwaruza vidole,
akikata mshazari bila kufundishwa.

Bodaboda ilipoondoka, ndoo zikiyumba,
alisimama muda mrefu akitazama si barabara
bali kona ile ya nyuma.
"Pale choo kilipokuwa," akasema,
"udongo umenona. Mwakani
anzia pale."