Nyuki Pembeni mwa Picha

Mwaka wa hamsini na sita, Idara ya Afya, Tabora,
ilimlipa Feruzi Msabila shilingi nne kwa kila picha:
mbu aliyekaa mkononi mwa mtu kama bwana mkubwa,
choo cha shimo chenye mfuniko,
mwanamke kifua wazi, na mshale mwekundu
unaoelekeza penye kidonda.
Kifua kile kilibandikwa ukutani mwa boma.
Watoto wa shule walipita wakakisoma.
Hakuna aliyefunika macho, maana kilikuwa kinaumwa.

Usiku, Ng'ambo, chumba cha nyuma cha fundi cherehani,
dirisha limezibwa kwa gunia la karanga,
alichora kifua kilekile kikiwa kizima.

Maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya Bi Kalunde,
kungwi wa wari, asiyejua alifu kwa kijiti,
aliyeketi juu ya debe akisema polepole:
"Andika. Asikimbilie chumbani kabla ya kupita barazani.
Andika. Mwanamume asiyecheka kitandani
ni mgeni, apewe maji aende zake."
Na Feruzi, msumari mwembamba mkononi,
akachana stensili. Kule si kutia wino, ni kukwangua nta,
na mstari ukikosea hauna kifutio.
Basi alichovya kidole katika nta ya nyuki wa Sikonge,
akaziba paja, akaanza upya.
Kuna mapaja yaliyozibwa mara tatu.

Kurasa kumi na mbili, pini mbili.
Zilisafiri zimekunjwa ndani ya ratiba ya treni,
senti hamsini, themanini ukitaka yenye picha,
hadi Kaliua, hadi Uvinza, hadi kwa wapakizi wa Kigoma,
hadi Mwanza chini ya mashati ya walimu.
Mkagua tiketi alikuwa nayo. Alisema ni ya mkewe.

Kilichomponza Feruzi ni nyuki.
Chini ya kila picha, pembeni, kushoto,
alitia nyuki mdogo kama punje ya ulezi.
Alimtia chini ya shuka lililoanguka.
Alimtia, masikini, hata chini ya mbu wa serikali.
Inspekta alisimama bomani akingoja chai,
akatazama ukuta,
akatazama kijitabu.

Karani Mabruki Ngasa aliagizwa kutafsiri yote
kwa Kiingereza, kwa ajili ya faili. Ilimchukua wiki tatu.
Penye "kiuno" aliandika, akafuta, akaandika "sehemu ya kati".
Penye "deko" aliacha nafasi tupu,
na hadi leo haijajazwa.

Miezi sita, au shilingi mia tatu. Mia tatu hakuwa nazo.
Kalunde hakuitwa. Hakimu hakuwaza
kwamba maneno yale yangeweza kutoka kwa mwanamke.
Walichoma nakala mia nne nyuma ya boma,
wakatupia na stensili,
na nta iliposhika moto, husimulia mama yangu,
majirani walitoka nje kuuliza nani anarina asali.

Nakala moja ilibaki, ile ya ushahidi.
Nimeishika juzi. Kielelezo C, muhuri wa zambarau
umempiga yule mwanamke tumboni,
naye, kidole gumba cha mguu kimejikunja, anacheka tu.

Feruzi alikuwa babu yangu.
Nilimuuliza zamani, meno yakiwa yameisha kinywani,
kwa nini alitia alama yake mahali pa hatari.
Alimung'unya kitambo.
"Nilichoka," akasema,
"kujulikana kwa mbu peke yake."