Mdomo wa Tatu

Soksi nne za skuli, za watoto,
tumezifunga chini ya midomo minne ya mashine
kwa usumba, fundo la kamba ya mbuzi.
Gurudumu Asaa kalitia alama ya chokaa:
"Mizunguko hamsini, Mize. Hesabu kwa sauti."

Nikahesabu. Bondeni Kinyakuzi hapana upepo,
mbolea yadondoka chwe, chwe, chwe,
nami thalathini na nane, thalathini na tisa, usinisemeshe.

Kisha mizani, ile ile ya karafuu.
Soksi ya kwanza, robo kilo.
Ya pili, robo. Ya nne, robo na kitu kidogo.
Ya tatu
haikuutikisa mshale.

Asaa kachokoa kwa kijiti cha mkarafuu,
kikatoka na udongo: nyumba ya nyigu,
kavu, ya kistadi, na kijilango chake.

Tukanyamaza.
Mwaka jana, kwenda na kurudi,
mpunga ulipiga manjano mstari wa tatu,
wa sita, wa kumi na moja, wa kumi na nne,
na sisi tukamtaja Bi Raya,
aliyepita akasema "Mpunga huo!" bila ya mashallah.
Hatukujiuliza ni jicho gani lenye hesabu.
Ramadhani nzima bakuli la futari halikuvuka njia.

Nyumba ya nyigu nimeifunga kwenye pindo la kanga.
Kwa Bi Raya ni hatua mia mbili na arubaini.
Nimekwishazipima mara tatu,
na kila mara nageukia pale
kwenye mlimao.