Chupa ya Jumanne

Chupa imeshuka na helikopta saa nne asubuhi, uwanja wa Sola,
baridi kama pua ya mbwa.
Nimeandika kibandiko: jukwaa la Havsule, kisima cha sita.
Kisha nikakaa nayo kidogo, kabla ya glavu.

Maji, wewe si wa mvua, wala bahari haikujui.
Ulilala chini ya mwamba kabla ndege hajaota unyoya,
umekumbatiana na mafuta gizani.
Hukuomba kuamshwa.
Tuliyataka mafuta, nawe ukafuatana nayo
kama shangazi anayemsindikiza bibi harusi,
na sasa shangazi ni wengi kuliko harusi:
nyuma ya kila pipa moja, mapipa manne yako.

Huko jukwaani wamekuzungusha mpaka ukashikwa na kizunguzungu,
wamekupulizia mapovu, mafuta yakapanda mapovu kama abiria,
wakayaengua.
Karatasi yao inasema kumi na mbili.
Sheria inasema thelathini.
Eilif kasimama mlangoni na kahawa yake:
“Gudny, hayo ni safi. Tia sahihi, wafungue koki.”

Nakuinua kwenye taa. Kweli, unang’aa.
Ungemdanganya hata mkunga.
Lakini sikuajiriwa kutazama.

Ninao wafanyakazi wengine:
kopepodi ishirini kwa kila kikombe,
kila mmoja chembe ya chumvi yenye masharubu
marefu kuliko mwili.
Hawasomi sheria. Wao huishi ndani yake tu.

Kikombe cha kwanza, bahari tupu.
Cha pili, wewe, sehemu moja kwa mia.
Cha tatu, moja kwa kumi.
Cha nne, wewe peke yako.
Saa arobaini na nane.

Jumatano nilimfuata Brynjar kwenye mazoezi ya kuogelea.
Nywele zake zilinuka klorini.
Nikahesabu, sijui kwa nini,
vichwa vyote bwawani.

Alhamisi.
Cha kwanza, wanarukaruka.
Cha pili, mmoja kalala ubavu.
Cha tatu niliwagusa kwa ncha ya sindano, mmoja, mmoja.
Kumi na saba hawakuamka.
Cha nne sindano sikuihitaji.

Si mafuta. Mafuta yalikwisha enguliwa.
Ni dawa tuliyokutilia sisi wenyewe
ili bomba lisile kutu.
Tumekilinda chuma,
na chuma hakizai.

Eilif kakaa chini. Kahawa imepoa.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua,
ila haya hayajamwagika.
Yangali nyuma ya koki.

Nikapiga simu jukwaani. Akapokea Oddgeir,
na upepo wake wote.
“Tufunge kisima kwa ajili ya vijidudu?”
“Kumi na saba,” nikasema, “kati ya ishirini.”
Upepo. Chuma kikigonga chuma.
“Dawa tutaipunguza nusu,” akasema mwishowe,
“na maji tuyapitishe kwenye mkaa. Lakini mkaa wenyewe
uko bandarini, na bahari imechafuka.”
“Basi ngojeni.”
Alitukana kwa lahaja ya kwao, kisha akacheka,
kisha akauliza hali ya mwanangu.

Vikombe vitatu nimevimwaga kwenye pipa la sumu.
Nimenawa mara mbili.
Cha kwanza nimekibakiza dirishani,
nimekitilia tone la mwani.
Wanakula
kana kwamba leo ni siku kama nyingine.