Usifagie Upesi

Mchezo wa Mama Helju ulizaliwa Tartu mwaka wa tisini na saba,
katika chumba cha wanafunzi watatu na birika moja.
Watatu hao wametawanyika: mmoja anaendesha lori Ufini,
mmoja hataki hata kuusikia,
na Aarne hayupo tena.
Msimbo walioandika ulilowa ghalani, bomba lilipopasuka kwa baridi.
Kilichobaki ni diski yenye mikwaruzo
na mwalimu mstaafu wa jiografia, ghorofa ya tatu,
ambaye kompyuta yake ilikata roho juma la Krismasi.

Mpwa wake akamletea nyingine, na mfumo mwingine ndani,
wa bure, safi, mgeni kabisa.
Mchezo haukufunguka.
Akanigongea mlango, diski kaifunga kwenye leso.
"Wanasema kazi yako ni kuzitafsiria mashine."
Sikuwahi kuisikia ikisemwa vizuri hivyo.

Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.
Lakini mchezo wa kale haujui kuvunja jicho,
na waliouzaa hawapo kuufundisha.
Basi mimi humwendea mwenyeji,
nikamwomba afumbe la kwake.

Ukauliza: Diski C iko wapi?
Hapa hakuna C. Hapa kuna mti mmoja tu,
na mzizi wake ni mkwaju, mkwaju wa kuandikwa, ulioinamia kulia;
nao mchezo umezoea ule wa kushoto.
Nikasema: C ndiyo hii. Pita.
Ukaita SAUTI, ilhali faili laitwa sauti,
na mwenyeji wa hapa, mkali wa herufi, hakuitika.
Nikaitika mimi.
Ukaomba dirisha, nikaupa.
Ukaomba saa, nikaupa saa ya kuchelewa,
maana kwa saa ya leo treni zake zilipita kama risasi.
Ukauliza: wewe ni yule yule?
Ni yule yule, nikasema,
wala sikuona haya.

Siku kumi na moja. Nje, mto Emajõgi umeganda.
Mchezo unakufa kila treni ya nne inapoingia kituoni.
Nikauchungulia tarakimu kwa tarakimu hadi saa tisa usiku,
nikauona:
unatoka chumbani, unarudisha ufunguo,
kisha unarudi kuchukua kofia uliyoisahau.
Mfumo wa zamani ulikuwa mvivu wa ufagio;
miaka yote kofia ilikutwa pale pale msumarini.
Huu mpya hufagia mgeni angali kizingitini.

Nikaandika mistari sita. Kwa lugha ya watu:
huyu akitoka, usifagie upesi.

Treni ya nne ikaingia.
Ikaingia ya tano. Ndipo nikaona majina ubavuni,
Ilme, Raivo, Heldur, Sirje. Nikadhani ni vituo.
"Wanafunzi wangu," akasema Mama Helju.
"Raivo huchelewa. Hata darasani alikuwa hivyo."
Ratiba ya miaka ishirini na sita
ndani ya faili dogo kuliko picha moja ya simu.

Akacheza robo saa, kimya.
Nikangoja shukrani kama mtoto.
"Theluji," akasema.
Theluji imefanyaje?
"Zamani ilikuwa ikisita kidogo treni ya mizigo ikipita.
Kama inaipisha."
Nikamweleza: ule ulikuwa udhaifu, mashine ilielemewa,
hii ina nguvu.
Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi
aliyechora Ziwa Peipsi upande wa magharibi.

Nimerudi mezani.
Natafuta namna ya kuielemea mashine isiyoelemewa,
kwa robo ya sekunde, mizigo inapopita tu.
Na juu ya mistari hiyo nimemwachia neno
atakayekuja baada yangu na bidii yake na ufagio:
Usirekebishe.
Kosa hili lina mwenyewe.