Kamba ya Pero

Kabla ya mikate, kabla ya mtungi wa gesi,
kabla Emrys hajainama kuunganisha karavani na gari
na kuitikisa kulabu mara tatu kama mtu anayejaribu jino,
namfunga Pero.
Mkanda wa kifua kwanza, kisha ukosi, kisha kibati
chenye namba yangu ya simu, na ya Emrys,
na ya mama mkwe, ambaye hapendi mbwa
lakini simu hupokea.

Tegid anacheka: "Hata sisi hukutufunga hivyo."
Namfunga na yeye. Ananyamaza.

Mwaka jana hatukuwa na kanuni.
Pero alisafiri apendavyo, mapajani mwa Non,
kichwa nje ya dirisha, masikio yakipigwa na upepo
kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.
Tulimpiga picha. Tulisema, tazameni anavyofurahi.
Kwenye kituo cha mafuta, karibu na Dolgellau,
breki za lori la maziwa zilipiga chafya,
chafya moja tu,
na dirisha likabaki tupu.

Mbwa hafi maji akiona ufuko, walisema wahenga.
Lakini barabara si maji,
na lami haina ufuko.

Siku mbili.
Non aliacha kula. Tegid aliita hadi sauti ikawa ya mtu mzima.
Na Emrys, aliyezoea kusema mbwa ni mbwa,
alitembea kando ya barabara na mfuko wa soseji, mvuani,
akimwita kwa jina la kitoto
ambalo hakujua kwamba nalijua.

Mfugaji mmoja, Gethin, ndiye aliyempata
katika banda la kondoo, amejikunja kati ya majike wawili
walioamua, sijui kwa nini, kumstahimili.
"Bahati yenu," aliniambia, "msimu wa kuzaa umepita.
Ningekuja na bunduki kwanza, maswali baadaye."
Hakuwa akitania.
Alinipa chai. Nililia ndani ya chai.

Basi, kanuni.
Hapandi kiumbe ndani ya karavani ikikokotwa, mtu wala mbwa;
nyumba iliyo barabarani si nyumba, ni mzigo.
Kila saa mbili tunasimama, atake asitake,
maji yake tumeyabeba kutoka nyumbani,
maana tumbo la mbwa halipendi ugeni.
Mlango haufunguliwi kabla sijasema, "Nimeshika."
Jua likitoka (hutoka, hata Wales,
kama mdeni anayelipa kidogo kidogo)
haachwi garini hata kwa dakika ya kununua stempu.
Jioni namchambua manyoya nikitafuta kupe,
naye ananitazama kama mteja kwa msusi.

"Unazidisha," anasema mama mkwe kwenye simu.
Huenda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka;
mimi nashtuka nikisikia kitasa.

Leo tumefika Llŷn. Bahari iko ng'ambo ya ukuta wa mawe.
Emrys ameweka vigingi chini ya magurudumu,
kisha akaikagua kulabu, isiyo na kazi tena.
Pero amenusa uwanja wote
akatia sahihi kila nguzo.
Mchana Non alikimbia naye mchangani,
kamba ndefu, mita kumi.
Nilizihesabu.

Sasa ni usiku. Mvua inachapa paa jembamba
na sisi watano tunapumua ndani ya sanduku moja,
harufu ya viatu vilivyolowa, harufu ya mbwa aliyelowa.
Mlango umefungwa. Nimeukagua. Nimeukagua tena.
Chini ya kitanda changu Pero anakimbia ndotoni,
kucha zikigonga sakafu,
labda anawafukuza wale kondoo,
labda anafukuzwa na lile lori.

Nimezungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono.
Emrys, gizani, hasemi kitu.
Baadaye, nikidhani amelala,
mkono wake unakuja, unapapasa blanketi,
unashika ncha iliyobaki.