Gramu Mia Mbili

Kazi yangu ni poda.
Naipaka mapajini na puani
ili watu wasing'ae mbele ya kamera
watakapokuwa wanakufa.

Safari hii mchezo umeletwa kwetu, Chiatura,
kwenye vigari vya waya vilivyokwama juu ya bonde
tangu mgodi ufungwe.
Hupanda kumi na wawili. Hushuka mmoja.
Mdhamini ni kampuni ya maji ya chupa.

Kiti cha saba: Nugzari, mwana wa Lamara wa ghorofa ya tatu,
aliyenibebea kuni msimu ule lifti ilipokufa.
Hakuniamkia. Nami nikajifanya simjui.
Kioo kilitutazama wote wawili.

"Shangazi," akanong'ona mwishowe,
"viganja vyangu vimelowa. Waya utaniponyoka."

Poda ya uso haikutengenezewa waya.
Lakini nilikuwa na kopo zima, gramu mia mbili,
na mlinzi alikuwa amekodolea macho tangazo la sabuni.
Nikamimina. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto,
suruali ikavimba kama ya mwizi wa unga.
Usoni sikumpaka kitu.
Ang'ae.

Sasa ni usiku, nimeketi kwa Lamara.
Televisheni ameizima sauti. Chai imepoa, hakuna aliyeigusa.
Kila kijana anapochovya mkono mfukoni
kiwingu cheupe kinapanda juu ya bonde
na midomo ya mtangazaji inauliza ni nini kile.

Lamara ananigeukia. Sijamwambia.

Viwingu tisa mpaka sasa.
Nahesabu gramu.